Buffalo Beauts: Fainali Nne, Kombe Moja, na Mwenye Barafu

Kuna timu ya hoki ya barafuni iliyocheza fainali zote nne za mwanzo za ligi yake: 2016, 2017, 2018 na 2019. Kombe ililibeba mara moja. Siku 52 baada ya fainali ya nne, mmiliki wake aliirudisha kwa ligi kama mtu anavyorudisha sufuria ya jirani, na msimu uliofuata timu ikahamia uwanja mwingine nje ya mji.

Timu hiyo ni Buffalo Beauts, ya wanawake, kutoka Buffalo katika jimbo la New York, pale Ziwa Erie linapomwaga maji yake kwenye Mto Niagara. Ukivuka mto uko Kanada. Ni mji wa theluji nyingi, na watoto wake huvaa viatu vya kuteleza kabla hawajajua kusoma. Kama kuna mahali Marekani ambapo timu ya wanawake ya kulipwa ingepaswa kuota mizizi, ni hapo.

Miaka yake ya mwanzo kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya pesa kidogo na moyo mkubwa. Pesa zilikuwa kidogo, sibishi. Ila kila ninapokirudia kisa hiki naona zaidi mambo ya mpangaji na mwenye nyumba.

Kwanza tuelewane kuhusu barafu. Timu ya soka ikikosa uwanja wake itajibanza kwenye kiwanja cha shule, itafanya mazoezi asubuhi kabla ya wanafunzi kufika, maisha yataendelea. Tuna mabingwa wengi waliotoka mchangani. Hoki ya barafuni ya kulipwa haina mchangani. Chini ya ule uso mweupe kuna zege, ndani ya zege kuna mabomba, na ndani ya mabomba unazunguka usiku na mchana umajimaji uliopoozwa hadi chini ya nyuzi sifuri. Kuna mashine ya kulainisha barafu kila baada ya kipindi. Kuna bili ya umeme. Kwa hiyo barafu huuzwa kwa saa, na wanunuzi ni wengi: klabu za watoto, shule, wazee wanaocheza usiku kutoa jasho. Waliowahi kuteleza pale hoteli ya Panari, Nairobi, hawahitaji kuelezwa. Kenya Ice Lions wamekulia kwenye barafu hiyo ya hotelini, na mwenye hoteli akizima mitambo, hakuna mazoezi. Mwenye barafu ndiye mwenye ratiba.

Sasa turudi mwaka 2015. Machi ya mwaka huo Dani Rylan, mchezaji wa zamani wa chuo, alitangaza ligi mpya iliyoitwa NWHL. Ilikuwa na timu nne: Boston Pride, Connecticut Whale, New York Riveters na Buffalo Beauts. Tayari kulikuwa na ligi nyingine ya wanawake, CWHL, iliyoanzishwa 2007 na yenye timu nyingi upande wa Kanada, lakini wachezaji wake hawakuwa na mshahara. NWHL ilikuja na neno moja lililotikisa kila mtu, nalo ni malipo. Kila timu ilipewa ukomo wa dola 270,000 za mishahara kwa msimu. Gawanya kwa wachezaji 18, unapata wastani wa dola 15,000. Wa chini kabisa alipata 10,000. Juu ya hapo mchezaji alichukua asilimia 15 ya mauzo ya kila jezi yenye jina lake.

Ili tuone ukubwa wa fungu hilo: msimu ule mshahara wa chini kabisa katika NHL, ligi ya wanaume, ulikuwa dola 575,000. Kijana mmoja asiyejulikana, anayekaa benchi, alizidi vikosi viwili vizima vya NWHL vikijumlishwa. Mazoezi ya wanawake yalikuwa jioni, maana mchana watu walikuwa kazini, na mechi zilikuwa mwishoni mwa wiki. Ukiniuliza, neno “kulipwa” lilikuwa sahihi na neno “kitaaluma” lilikuwa bado njiani.

Ligi yenyewe ndiyo iliyomiliki timu zote nne. Hakukuwa na tajiri wa Boston wala tajiri wa Buffalo. Mishahara ya wote ilitoka kibindo kimoja, na viwanja vilikuwa vya kupanga. Hapo ndipo Beauts walipopata bahati iliyowafanya waonewe wivu. Mwishoni mwa 2014 katikati ya Buffalo palifunguliwa HarborCenter, jengo lenye viwanja viwili vya barafu, mkabala na uwanja mkubwa wa Buffalo Sabres wa NHL. Uwanja mkubwa kati ya hivyo viwili una viti takribani 1,800. Kwa timu mpya ya wanawake hicho ni kipimo barabara: watu 1,000 wakija panaonekana pamejaa, na kelele zinarudi kutoka ukutani.

Aliyelijenga ni familia ya Pegula, yaani Terry na mkewe Kim, wenye Sabres na pia Buffalo Bills ya mpira wa Kimarekani. Terry alitajirika kwa gesi asilia. Hawakuwa wageni kwa hoki ya wanawake; mchango wao wa zaidi ya dola milioni 100 ndio uliokipa chuo kikuu cha Penn State uwanja wa barafu na timu mbili za daraja la juu, ya wanaume na ya wanawake. Mwaka 2015, hata hivyo, kwa Beauts walikuwa wenye jengo tu. Timu ilikuwa mpangaji kwenye nyumba nzuri.

Makocha wa mwanzo walikuwa wawili, Ric Seiling, aliyewahi kuichezea Sabres, na Shelley Looney. Jina la Looney si dogo. Ndiye aliyefunga bao la ushindi Marekani ilipoifunga Kanada kwenye fainali ya Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, mara ya kwanza hoki ya wanawake kuchezwa kwenye michezo hiyo. Kikosini alikuwemo Meghan Duggan, nahodha wa timu ya taifa, na golini Brianne McLaughlin, aliyekuwa kwenye vikosi vya Marekani vya Olimpiki za 2010 na 2014. Msimu huo wa kwanza waliishia fainali, wakachapwa na Boston mechi mbili kwa bila katika mfululizo wa mshindi wa mbili kati ya tatu. Boston ikawa ya kwanza kuinua Isobel Cup, kombe lililopewa jina la Lady Isobel, binti wa yule Lord Stanley ambaye kombe lake wanaume wanaligombania hadi leo. Baba alitoa kombe. Binti alikuwa akicheza.

Msimu wa pili ulianza vibaya. Novemba 2016, mechi zikiwa zimeshaanza, ligi iliwaambia wachezaji kwamba kibindo hakitoshi. Mishahara ilikatwa vibaya. Kiwango cha chini kilishuka kutoka dola 10,000 hadi 5,000. Mtu alikuwa amesaini mkataba, amehama mji, amepanga chumba, halafu katikati ya msimu anaambiwa asubiri mgawo wa mauzo ya tiketi. Sitaki kumlaumu Rylan peke yake kwa hili, alianzisha kitu ambacho wenye mabilioni walikuwa hawajathubutu. Lakini kuanzisha ligi ya mishahara huku wadhamini wakitafutwa njiani ni kuoa kwa ahadi ya mahari. Siku ya kudaiwa ilifika.

Beauts hawakusambaratika. Wiki chache kabla ya makato hayo, mchezaji wao Harrison Browne alikuwa ametangaza hadharani kuwa ni mwanamume, akawa mchezaji wa kwanza aliyejitambulisha waziwazi kama mtu aliyebadili jinsia katika michezo ya timu ya kulipwa. Magazeti ya Kiingereza yalihangaika na viwakilishi vyao, he au she. (Kiswahili kingewapunguzia kazi: alicheza, alifunga, alishangilia, basi.) Kwa timu isiyo na hakika ya mshahara wa mwezi ujao, kubeba jambo kubwa kama hilo bila mtafaruku wa hadharani kunaonyesha kile chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa cha namna gani.

Uwanjani hawakuwa wazuri. Niliseme tu. Walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda, wakati Boston walikuwa wanapita kama tingatinga. Boston walikuwa na Hilary Knight, Brianna Decker, Alex Carpenter, na sasa hata Duggan alikuwa kwao. Ilikuwa nusu ya timu ya taifa imevaa jezi moja. Beauts waliwatoa Riveters kwenye nusu fainali, na safari hii fainali ikawa mechi moja tu, Machi 19, 2017, katika uwanja wa Tsongas mjini Lowell, Massachusetts. Ni jimbo la Boston lenyewe, mwendo mfupi kutoka kwao.

Siku nne kabla yake wachezaji wa timu ya taifa ya Marekani walikuwa wametangaza kwamba hawatacheza mashindano ya dunia hadi shirikisho lao liwalipe kwa haki. Kwa hiyo nyota wa Boston waliingia fainali wakiwa na vita viwili, kimoja cha kombe na kingine cha mkataba. Hicho cha pili walikishinda kabla mwezi haujaisha. Cha kwanza kilikutana na McLaughlin.

Takwimu ya usiku huo hainitoki kichwani. Alipigiwa mashuti 62 akaokoa 60. Kipa wa hoki kwa siku ya kawaida huona mashuti 25 au 30. Sitini ni maradufu, na ni dhidi ya wapigaji bora duniani, kwa kile kisahani cha raba ngumu iliyoganda, kinachochezewa badala ya mpira, kinachoruka haraka kuliko jicho linavyoweza kukifuata. Buffalo walipata nafasi zao chache wakazitumia. Mwisho 3-2. Ni ushindi wa aina ambayo kocha yeyote mwaminifu atakwambia kwamba ukirudiwa mara kumi, unapoteza tisa. Beauts walikuwa mabingwa, na kila mmoja alirudi nyumbani na posho iliyokatwa.

Pegula waliona. Desemba 2017 kampuni ya familia hiyo iliinunua timu, na Beauts wakawa timu ya kwanza ya NWHL kutoka mikononi mwa ligi na kuwa na mmiliki wake binafsi. Riveters nao walikuwa wameshaingia ubia na New Jersey Devils wa NHL miezi michache nyuma, lakini ubia si ununuzi. Buffalo walipata mwenye mali kamili: mwenye uwanja, mwenye matangazo, mwenye watu wa masoko wanaojua kuuza tiketi za michezo. Ghafla aliyewapangisha akawa baba mwenye nyumba kwa maana zote mbili.

Nani asingefurahi? Mimi ningefurahi. Msimu ule wa 2017–18 wachezaji wengi wa timu za taifa walikuwa kambini kwa ajili ya Olimpiki ya Pyeongchang, kwa hiyo ligi ilipwaya, lakini Beauts walifika tena fainali. Wakafungwa 1-0 na Riveters huko Newark, bao la Alexa Gruschow. Browne alikuwa ameshahamia Riveters, akabeba kombe la pili mfululizo akiwafunga wenzake wa zamani.

Msimu uliofuata ndipo pesa ya Pegula ilipoonekana kwa macho. Walisajiliwa makipa wawili ambao hakuna klabu duniani ilikuwa na jozi ya kuwafanana: Shannon Szabados, mshindi wa dhahabu mbili za Olimpiki akiwa na Kanada, na Nicole Hensley, mwenye dhahabu ya 2018 akiwa na Marekani. Wasichana wa nyumbani, Emily Pfalzer na Hayley Scamurra, waliichezea timu ya mji wao. Machi 17, 2019 wakawa kwenye fainali ya nne, St. Paul, dhidi ya Minnesota Whitecaps waliojiunga na ligi mwaka huohuo. Dakika za kawaida zikaisha 1-1. Katika muda wa nyongeza, ambapo bao moja linamaliza kila kitu, Lee Stecklein akafunga. Golini mwa Whitecaps alikuwa Amanda Leveille, kipa wa Beauts wa msimu uliotangulia. Ukweli wa ligi ndogo ni huo, kila unayemfunga uliwahi kubadilisha naye nguo chumba kimoja.

Wiki mbili baadaye mambo yalikwenda mbio. Machi 31, CWHL ilitangaza inafunga. Wengi walidhani NWHL itachuma matunda, maana sasa ilikuwa peke yake. Ikawa kinyume. Mei 2, wachezaji zaidi ya 200, wakiwemo karibu wote wenye majina, walitangaza kwa sauti moja kwamba msimu ujao hawatacheza ligi yoyote Amerika Kaskazini mpaka ipatikane ligi yenye mishahara ya kuishi, bima ya afya na mazingira ya kazi yanayoeleweka. Mei 8, Pegula wakaachia timu.

Kuna wanaowalaumu kwa kukimbia mapema. Kuna wanaosema walifanya hesabu ya kawaida ya biashara, kwamba wachezaji wameondoka, unabaki unamiliki nini? Upande wangu ni wa tatu kidogo. Tatizo lilikaa ndani ya mpango wenyewe tangu ile Desemba 2017. Pegula walikuwa na timu moja ndani ya ligi isiyo yao. Wangeweza kuwapa Beauts vyumba vizuri na usafiri mzuri, lakini ukomo wa mishahara, ratiba na wadhamini wakubwa vilibaki kwa ligi. Ni kama mtu aliyejenga nyumba ya vigae kwenye kijiji kisicho na maji. Madai ya wachezaji yalikuwa ya kijiji kizima, na nyumba moja nzuri isingeyajibu.

Upande wa timu hatari ilikuwa nyingine, na naona ndilo somo ambalo ligi haikuliona kwa wakati. Boston walicheza kwenye uwanja wa mazoezi wa Bruins, timu ya NHL ya mji huo. Whitecaps walicheza kwenye uwanja wa mazoezi wa Minnesota Wild, nao wa NHL. Wote wapangaji. Lakini wao kama mwenye uwanja angewageuka, timu ingebaki na mwajiri wake, ikatafute barafu kwingine. Na mwajiri akianguka, mkataba wa uwanja ungeweza kuokolewa. Buffalo kamba zote zilifungwa kwenye kigingi kimoja. Mwenye timu, mwenye barafu, muuza tiketi na mtangazaji alikuwa mtu huyohuyo. Kigingi kilipong'oka kwa taarifa moja, kila kitu kilikwenda nacho. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na HarborCenter, kwa uzuri wake wote, ilikuwa nguo ya kuazima hata pale ilipoonekana kuwa yao.

Je, wangekataa kununuliwa? Hapana. Ligi iliyokuwa imekata mishahara mwaka mmoja nyuma haikuwa na ubavu wa kumkataa tajiri mlangoni. Ilichoweza kudai ni masharti: mkataba wa uwanja usiokufa na umiliki, notisi ya msimu mzima kabla ya kujitoa, pengine dhamana kidogo ya mishahara. Ninachokiona ni matokeo, nayo yanaonyesha kwamba kati ya taarifa ya Mei na msimu wa Oktoba timu ilitafutiwa barafu upya. Ikaangukia Northtown Center huko Amherst, kitongoji kaskazini mwa mji. Si mahali pabaya. Lakini shabiki aliyezoea kushuka katikati ya Buffalo sasa alihitaji gari na sababu.

Szabados na Hensley walikuwa kwenye mgomo. Pfalzer na Scamurra pia. Kikosi kilijengwa karibu upya, na ile desturi ya kufika fainali ikakatika mwaka uleule.

Yaliyofuata nayapita haraka. NWHL ilibadili jina mwaka 2021 ikawa PHF, na wawekezaji wapya wakaja na mishahara iliyopanda kwa kasi: ukomo wa msimu wa 2022–23 ulikuwa dola 750,000 kwa timu, karibu mara tatu ya ule wa 2015. Mwishoni mwa Juni 2023 bilionea Mark Walter, pamoja na kampuni ya bingwa wa tenisi Billie Jean King, wakainunua ligi nzima na kuifunga. Mahali pake ikaja PWHL, iliyoanza Januari 1, 2024 ikiwa na timu sita: Boston, Minnesota, Montreal, New York, Ottawa na Toronto. Ukitazama vizuri umiliki umerudi pale ulipoanzia 2015, mwenye timu zote ni mmoja. Tofauti ni kina cha mfuko. Buffalo haikupewa timu.

Februari 23, 2025 PWHL ilileta Buffalo mechi moja ya ziara, katika uwanja mkubwa wa Sabres. Walikuja watu zaidi ya 8,000, zaidi ya mara nne ya viti ambavyo Beauts waliwahi kuwa navyo. Waliwatazama New York na Boston wakicheza, kisha wakatoka kwenye baridi, ng'ambo ya barabara kutoka HarborCenter.